Karata Zilizopigwa Laminesheni

Upendo ameniuliza kwa meseji. Joseph alipiga simu, mtandao ukakatika kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Wengine mmeuliza kupitia kwa dada yangu: mlishinda? Jibu lake ni fupi na halitawasaidia. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Atakayechoka njiani aruke hadi mwisho, ingawa sidhani kama mwisho utaeleweka bila ile katikati.

Endulen: kusubiri lori

Mnajua nilipangiwa kufundisha Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, na mnajua nilivyolalamika. Kilichoniokoa ni boksi moja la karata. Aliliacha kijana wa kujitolea aliyefundisha hesabu muhula mmoja akarudi kwao. Si hizi za kopa na shupaza. Kila karata ina picha ya kiumbe, nguvu zake na masharti yake. Mchezaji anachagua arobaini, anaziunda kuwa jeshi lake, anapigana na arobaini za mwenzake. Watoto wa Ulaya huzinunua na kubadilishana kama sisi tulivyobadilishana stempu.

Tulikuwa watatu. Sulle, fundi wa jenereta, Mwiraqw wa Daa, upande wa Karatu, anayecheza kwa kelele. Lemayani, aliyemaliza kidato cha nne akarudi kuchunga ng'ombe wa baba yake upande wa Esere. Na mimi, ambaye chuoni mliniita Bi Kwa Nini. Tulicheza kila Jumapili alasiri kwenye nyumba yangu ya mwalimu, na kila Jumapili Lemayani alitufunga. Hakujisifu. Alitufunga tu, akanywa chai, akaenda zake.

Yule kijana aliponiandikia kwamba kutakuwa na mashindano Karatu, kwenye hosteli moja njia ya kwenda Rhotia, na kwamba wachezaji wangetoka Arusha na Moshi, nilisema: tunaye bingwa. Tatizo likawa baba yake bingwa. Mzee alikuwa amekwisha choka na yale makaratasi. Jumapili moja wakati Lemayani yuko kwangu, ndama wawili walipotea hadi jioni. Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Nilisimama nje ya boma nikiwa nimebana mkoba kifuani kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "huyu anasema anajua kitu. Sijui kama anajua au anapoteza mchana wangu. Aende. Akimshinda hata mtu mmoja asiyemjua, Jumapili mchana ni yake. Asiposhinda, hayo makaratasi yaishe."

"Hata mmoja tu, mzee?"

"Mmoja anatosha. Mimi si mtu wa tamaa."

Nilirudi nikiwa na furaha kwa muda wa kama dakika tano. Baada ya hapo nikaanza kuhesabu yanayoweza kuharibika, na sikuacha hadi Jumatatu iliyofuata.

La kwanza lilikuwa usafiri. Ijumaa tulikaa njia panda tangu saa moja asubuhi tukisubiri lori lililoleta unga. Huku hakuna mashamba, hifadhi hairuhusu, kwa hiyo mahindi yote hupanda kutoka Karatu, na lori likishashusha ndilo linalobeba watu kurudi. Dereva alikuwa mtu wa Kibosho, tukimwita Mangi. Aliahidi saa mbili. Saa nne alituma ujumbe kwamba anakunywa chai. Saa sita alifika, bado anatafuna.

"Madam, mbona umekunja uso?" akaniuliza. "Karatu haihami."

Tulipanda nyuma, juu ya magunia matupu, pamoja na mbuzi wawili ambao hawakuwa na wasiwasi wowote. Lemayani alivaa shuka mbili nyekundu na viatu vya tairi alivyovisugua kwa mafuta. Karata alizibeba ndani ya boksi la viatu, amelifunga kwa kamba ya katani.

Hapa lazima niwaambie kuhusu zile karata. Endulen ina vumbi miezi minane na tope minne, na Sulle ana mikono ya fundi. Mwaka mmoja kabla zilikuwa zimeanza kuoza pembeni. Mimi, mtu wa kuhoji kila kitu, sikuhoji wazo langu mwenyewe. Nilizipeleka Karatu kwa Paskalina, dada yake Sulle, mwenye duka la vifaa vya ofisi, zikapigwa laminesheni zote mia na ishirini, kama vyeti. Si ndivyo tunavyofanya na kila karatasi tunayoithamini? Vyeti vyangu vyote, tangu cha ubatizo, vimo ndani ya plastiki. Paskalina alizikata moja moja kwa mkasi. Zikawa ngumu, zikang'aa, hata maziwa yakimwagika unafuta tu. Nilijivuna mwezi mzima.

Ukingoni, ndani ya ukungu

Lori lilipanda hadi ukingo wa kreta, na hapo ukungu ukatufunika. Unakuwa mweupe kiasi kwamba unasikia gari kabla hujaliona. Mangi aliendesha polepole huku kichwa chake kikiwa nje ya dirisha. Kisha tairi la nyuma likapasuka, lori likasimama katikati ya barabara, kulipita kukawa hakuwezekani.

"Jeki?" Sulle akauliza.

"Jeki ninayo," Mangi akajibu. "Spana yake ndiyo iko Karatu."

Lemayani na Sulle wakashuka kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Nyuma yetu likasimama gari dogo la familia kutoka Arusha: baba, mama, na binti wa darasa la sita aliyeitwa Irene, wametoka kuangalia kreta bila kuiona. Baba mtu alikuwa na spana. Wanaume wote wakakusanyika kwenye tairi, kila mmoja akitoa maagizo. Mama akanipa maandazi na chai ya tangawizi. Irene akapanda nyuma ya lori kuwaona mbuzi, akaliona boksi la viatu likiwa limefunguka kamba.

"Hee! Na nyie mnaenda mashindanoni?" Akachukua karata moja, akaikunja, ikakataa kukunjika. "Anti, hizi mmezifanya nini?"

"Tumezipiga laminesheni. Kwa ajili ya vumbi."

Aliniangalia kwa huruma ambayo watoto huwa nayo kwa watu wazima waliokosea. "Hawatakubali. Migongo lazima ifanane. Arusha kuna kaka alikataliwa kwa sababu karata yake ilikuwa na kona imekunjika. Kona moja tu!"

Nilimwuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika. Nilimwuliza kama kanuni hiyo imeandikwa mahali. Imeandikwa. Nilimwuliza nani aliiandika na kwa nini, akacheka, akashuka kwa mama yake.

Nilifunga lile boksi, nikaikaza kamba kuliko ilivyokuwa. Lemayani alirudi amejaa tope hadi magotini, anatabasamu.

"Mwalimu, vipi? Umepata baridi?"

"Kidogo," nikasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Nilijiambia kwamba mtoto wa darasa la sita si sheria. Nikajiambia kwamba tungefika tu, wangeona umbali tuliotoka, wangeelewa. Ukweli ni kwamba niliogopa angesema tugeuze.

Lango la Loduare

Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni na sisi tulifika ikiwa imebaki robo saa. Mangi akaenda dirishani, akaanza kusalimiana. Pembeni walikuwa wamesimama watalii wakipiga picha nyani. Walipomwona Lemayani wakawaacha nyani.

Mama mmoja mzungu, mwenye kofia pana, alimwomba picha kwa ishara. Lemayani akakubali. Halafu, kwa kuwa alijua mchezo huu umetoka kwao, akafungua boksi amwonyeshe na kumwuliza kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne kama naye anacheza. Yule mama akadhani ni biashara. Akafurahi, akapitisha kidole, akachomoa karata moja iliyompendeza, akaweka dola mkononi mwa Lemayani, akapanda gari lake huku anaibusu ile karata.

"Amechukua Nyoka wa Ziwa!" Lemayani alipiga kelele na kuanza kukimbia.

Gari lilikuwa limeanza kutembea. Nyoka wa Ziwa ndiyo karata iliyokuwa ikinimaliza mimi kila Jumapili. Nilimwona Lemayani akikimbia kando ya dirisha, dola juu, shuka zinapepea nyuma, na watalii wote wakimpiga picha kwa shangwe. Dereva wao, kwa bahati, alisimama. Maelezo yakachukua muda, maana yule mama alidhani bei haitoshi akaongeza dola ya pili.

"Mwambie sitaki pesa, bro," Lemayani akamwambia dereva. "Mwambie ni wa kwangu huyo, siuzi."

Karata ikarudi. Mangi alikuwa anapiga honi, askari wa lango ameshika saa yake mkononi. Tulipita tukiwa wa mwisho. Baada ya lango lami ikaanza, mtikisiko na kelele za lori vikaisha ghafla, na katika ule ukimya nilijiuliza jambo moja dogo: yule mama aliibeba karata mgongo ukiwa juu, na Lemayani hakuhesabu zilizobaki. Alijuaje ni Nyoka? Lakini nilikuwa na hofu kubwa zaidi ya kuhudumia, nikaliacha.

Karatu

Tulilala kwa Paskalina. Alitupikia makande yenye maharage mengi na maziwa mgando, Sulle akala kama mtu aliyesukuma lori peke yake na akasimulia hivyo hivyo. Mimi sikula sana. Asubuhi na mapema nilimfuata Paskalina dukani akiwa anafagia.

"Dada, laminesheni inaweza kutolewa?"

"Kwenye nini?"

"Tuseme karata."

Aliegemea ufagio. "We ulishaona cheti kinatoka humo? Ukivuta plastiki, na maandishi yanakuja. Kwani kuna mteja amelalamika?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Walimu mnapenda kuuliza," akasema, akaendelea kufagia.

Nilijaribu moja ya kwangu, kiumbe dhaifu nisiyemtegemea. Picha yake yote ilibaki kwenye plastiki, mkononi nikabaki na karatasi nyeupe.

Njia ya Rhotia

Hosteli ilikuwa na ukumbi wenye meza ndefu. Tulikuwa tumefika mapema, saa tatu, na bado nilihisi tumechelewa. Msimamizi aliitwa Dada Anjela, mtu wa Moshi, mwenye miwani na sauti ya muuguzi wa zamu. Sulle aliweka karata zetu mezani kwa mbwembwe. Anjela aliinua moja, akaipiga mezani, ikalia kama kigae.

"Jamani," akasema.

Nikaanza kutetea. Nilisema zote zimepigwa laminesheni, kwa hiyo zote zinafanana. Niliuliza kanuni inalinda nini hasa. Nilisema kuhusu vumbi. Lemayani na Sulle walinitazama. Kwa mara ya kwanza walielewa kwamba nilikuwa nimejiandaa.

Anjela hakubishana. Alichanganya karata za Lemayani kwa viganja, akatandaza kumi mezani, migongo juu. "Kaka, nikuulize tu. Unaweza kunijulisha ipi ni ipi?"

Nilimwomba Mungu, ambaye huwa nina maswali naye pia, kwamba Lemayani aseme hapana.

Lemayani alimtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo anamjua mama yake. "Naweza. Huyu Mkia wa Moto. Huyu Jiwe. Huyu Jiwe mwingine, mdogo wake. Huyu Nyoka wa Ziwa, ana kona nene. Huyu mkasi uliteleza..."

Alitaja zote kumi. Anjela alizigeuza moja moja, na zote zilikuwa sawa. Watu walikuwa wamesogea, mmoja akapiga makofi. Lemayani akaona hamu yao, akanyoosha mkono kwenye fungu la pili. "Na za Sulle pia nazijua. Za Mwalimu kidogo ni ngumu, zina mikato inayofanana."

Sulle akazikusanya karata zake kifuani. "Kumbe mwaka mzima ulikuwa unaniona mkononi?"

"Si ulikuwa unazishika zimenielekea? Nifumbe macho?"

"Lemayani," nikasema, "huko si ndiko kuibia?"

Alichanganyikiwa kweli, sikuona ujanja usoni pake. "Mwalimu, una wanafunzi wangapi?"

"Sabini."

"Mmoja akitembea mbele yako amekupa mgongo, unamjua?"

"Namjua."

"Unamwibia?"

Mwaka mzima nilikuwa nimeshindwa na mtu huyu, nikamtafutia sababu za kila aina, kumbukumbu yake, utulivu wake, hata nikaandika barua ndefu kwa mmoja wenu kuhusu akili ya asili ambayo shule haiipimi. Sikuwahi kumwuliza swali moja la kawaida: unajuaje?

"Sikuiti mwizi, kaka," Anjela akasema taratibu. "Ila kwa karata hizi huchezi hapa. Ninalo jeshi moja la akiba. Atacheza mmoja wenu."

"Apewe Lemayani," Sulle akasema kabla sijavuta pumzi. Bado alikuwa amekasirika, lakini alisema.

Karata za akiba zilikuwa ndani ya mifuko myeusi ya plastiki laini, zote sawa. Lemayani alizigeuza mara nyingi. "Hawa hawana migongo," akaniambia kwa sauti ya chini, na hapo nikamwona ameogopa.

Raundi zilikuwa nne. Ya kwanza alikutana na mwanafunzi wa chuo kutoka Moshi, akafungwa kabla chai haijapoa. Aliendelea kuangalia mkono wa mpinzani kwa mazoea, na mkono haukumwambia kitu. Ya pili alifungwa na dereva wa utalii, polepole zaidi. Ya tatu wachezaji walikuwa witiri, na kanuni inasema aliye chini kabisa anapumzika na kuandikiwa ushindi. Akaandikiwa. Alikaa kwenye benchi na kusoma karata za akiba moja moja, midomo ikitembea.

Ya nne, nadhani mmekwisha kisia, ilikuwa Irene.

Nilisimama nyuma ya Lemayani hadi miguu ikafa ganzi. Hapa ndipo nilipomwona akicheza kwa mara ya kwanza, ninaamini hivyo. Alikuwa anafikiri. Alikosea, akajirekebisha, akamlazimisha yule mtoto aache kutafuna bablishi. Ilibaki zamu moja ashinde. Akalitoa jitu lake kubwa mapema mno, Irene akalizuia, na ikaisha.

"Pole, anko," Irene akasema, na alimaanisha.

"Nirudishe nyuma kidogo nione," Lemayani akamjibu. "Hapa. Ningengoja?"

"Ungengoja. Ungekuwa umenimaliza."

Walikaa wakiirudia ile zamu hadi mama yake Irene alipomwita mara ya tatu.

Kupanda tena

Anjela alitupa karatasi ya matokeo, na akamwachia Lemayani lile jeshi la akiba. Kwenye karatasi, mbele ya jina lake, iliandikwa: kushinda moja, kushindwa tatu. Niliikunja nikaiweka mkobani kwa uangalifu mkubwa.

Lori la Mangi lilipanda Jumatatu, limejaa unga, sisi juu yake. Hewa ilikuwa safi, kreta yote ikaonekana, na hakuna aliyeitazama. Nilianza kumwelekeza Lemayani.

"Mzee alisema umshinde hata mtu mmoja. Karatasi inasema moja. Huhitaji kueleza zaidi."

"Nilimshinda nani?"

"Karatasi haimtaji."

"Mwalimu. Nilishinda benchi."

"Sulle, mwambie."

"Mambo yako na mzee wa Kimasai yasinihusu mimi Mwiraqw," Sulle akasema, akajifunika uso kwa kofia. "Na bado sijamsamehe."

Ndipo nikamwambia kuhusu Irene na ile Ijumaa ukingoni, kwamba nilijua na nikanyamaza. Nilitegemea angesema si kitu. Alikaza kamba ya boksi lake hadi tulipopita mteremko wa kwanza.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "kule Karatu ningetafuta karata za mtu. Ningekuwa na jioni moja ya kuzijua."

Jioni moja ingetosha kumfundisha kungoja zamu moja? Ninalijadili swali hilo hadi leo, mara nyingi nikiwa nafundisha kitu kingine. Alishukia Esere na boksi lake. Karatasi ya matokeo ilibaki mkobani mwangu, hakuitaka.

Jumapili iliyofuata nilipika chai ya watu watatu. Sulle alikuja saa nane, akakaa, tukawa tunatazama barabara na kujifanya hatutazami. Saa tisa ikapita. Saa kumi nilianza kuondoa vikombe. Lemayani akaingia, ana vumbi hadi kwenye nyusi, akasimamisha fimbo yake kando ya mlango.

"Ulimwambia?" nikamwuliza.

"Nilimwambia nimeshindwa na wote. Akauliza wa mwisho alikuwa nani. Nikasema mtoto wa kike, wa darasa la sita."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akakohoa. Akaita mama, akaita na majirani, nikasimulia tena mbele yao." Akaketi. "Akasema hakuna mwanawe atakayeacha kitu akiwa amefungwa na mtoto. Niache hizi karata nikishamfunga."

Akatoa zile karata nyeusi, zote sawa, akazisukuma upande wangu wa meza.

"Changanya wewe," akasema. "Mimi nimegeuka."